Je, wajua? Mwenye kura chache anaweza kushinda majimbo mengi

Chukua vijiji 15 vya kubuni kati ya Mikindani na Nanyamba, mkoani Mtwara, vyote vina idadi sawa ya wapigakura. Vijiji 9 vya mwambao vinataka mbunge wa kupigania soko la samaki na mtambo wa barafu. Vijiji 6 vya bara vinataka wa kuhakikisha fedha za korosho zinaingia haraka baada ya mnada. Majimbo ni 3, kila moja vijiji 5. Wavuvi ndio wengi, kwa hiyo ungetegemea wapate angalau majimbo 2.

Sasa mpe kalamu ya kuchora mipaka ya majimbo mtu anayewapendelea wakulima. Vijiji 5 vya wavuvi anavirundika jimbo moja. Huko watashinda kwa kura zote, lakini kiti ni kimoja tu. Vijiji 4 vya wavuvi vilivyobaki anavitawanya viwili viwili, kila viwili akiviweka pamoja na vijiji 3 vya wakulima. Tatu kwa mbili huku, tatu kwa mbili kule. Wakulima wa vijiji 6 wanapata wabunge 2, wavuvi wa vijiji 9 wanapata 1. Hakuna kura iliyoibwa, na mawakala wote wamesaini fomu za matokeo. Kazi ilikwisha miezi kadhaa nyuma, juu ya ramani.

Marekani wanaijua hila hii tangu 1812, pale gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alipotia saini sheria ya kukata mipaka upya. Mchoraji wa gazeti moja la Boston alilichora jimbo mojawapo kama dude lenye mabawa na makucha. Katika uchaguzi uliofuata wapinzani walipata kura nyingi zaidi, lakini chama cha Gerry kikachukua viti 29 kati ya 40 vya Seneti ya Massachusetts. Miaka 200 baadaye, mwaka 2012, Democrats wa North Carolina waliwazidi Republicans kwa kura za Baraza la Wawakilishi la Bunge la nchi, wakaambulia viti 4 kati ya 13. Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mahakama za shirikisho hazina mamlaka ya kuamua kesi za mipaka iliyopindwa kwa faida ya chama.

Dawa waliyoijaribu ni kuwanyang'anya wanasiasa kalamu. California walipiga kura mwaka 2008 kuunda tume ya raia 14: watano wa chama hiki, watano wa kile, wanne wasio wa chama chochote kati ya hivyo viwili. Michigan wakafuata mwaka 2018 na tume ya watu 13. Nakiri dawa hii ni ngumu kuinywa peke yako: Texas ilipokata upya mipaka yake mwaka 2025 kwa faida ya Republicans, wapigakura wa California waliridhia ramani ya Bunge la nchi iliyochorwa na tume yao iwekwe kando kwa muda, ili wajibu mapigo.

Na sisi? Ibara ya 75 ya Katiba ya Tanzania inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kugawa majimbo, na kuyapitia upya angalau kila baada ya miaka 10. Mwaka 2025 yaliongezwa 8, yakafika 272. Gawanya watu wa sensa ya 2022 uone: mkoa wa Mtwara, wenye majimbo 10, ni takriban watu 163,000 kwa mbunge mmoja. Dar es Salaam, hata baada ya kupata majimbo 12, ni karibu 449,000.

Tofauti hiyo peke yake si ushahidi wa hila. Katiba inataka jiografia na hali ya mawasiliano viangaliwe pia, na mimi naiunga mkono. Nenda Liwale: wilaya pana, sehemu kubwa ni hifadhi, na masika barabara inakatika. Ukiitazama kwa idadi ya watu tu, utaiunganisha na Nachingwea, na kijiji cha mwisho hakitamwona mbunge miaka mitano.

Lakini kigezo kinachohitaji busara ndicho kinachohitaji zaidi mkono usio na masilahi. Mkulima wa Tandahimba aliyewahi kuuza kwa kangomba, yaani korosho zinazonunuliwa nje ya mfumo rasmi, anajua hasara ya mnunuzi kuja na kipimo chake mwenyewe. Ibara hiyohiyo ya 75 inasema Tume igawe majimbo baada ya kupata kibali cha Rais, na Rais kwa kawaida ni mgombea au kiongozi wa chama chenye wagombea katika majimbo hayohayo. Haijalishi ni Rais gani au chama gani. Kibali hicho kiondolewe, na Tume itoe hadharani rasimu ya ramani pamoja na sababu za kila mstari, wananchi waijadili kabla haijawa ya mwisho.

Kubadili ibara hiyo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Mapitio yajayo hayawezi kuvuka 2035, kwa hiyo muda wa kuwauliza wagombea wa Mtwara na Lindi msimamo wao upo.