Nyundo ya Rivolva Ikipunguzwa, Fataki Hupata Nini?

Mara kwa mara naletewa rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) iliyokatwa ncha ya nyundo, ile inayoshikwa kwa kidole gumba, ili isinase kwenye nguo inapochomolewa, na mwenye silaha analalamika kwamba tangu hapo risasi moja au mbili katika kila silinda hugoma. Lawama hutupiwa nyundo papo hapo: imekuwa nyepesi, haina tena uzito wa kugonga. Maelezo hayo yanaingia akilini, lakini kwa sehemu kubwa si sahihi, na fundi anayeyaamini atahangaika na kifaa kisicho na kosa.

Fataki ni kikombe kidogo cha metali chenye kemikali inayolipuka inapogongwa, na ndani yake mna kipande kinachofanya kazi ya fuawe. Pini, yaani sindano inayosukumwa na pigo la nyundo, inapobonyeza kitako cha kikombe, kemikali husagwa dhidi ya fuawe hiyo, hulipuka, na moto wake huwasha baruti. Jambo la lazima ni nishati ya kutosha inayofika kwa ghafla. Ikibonyezwa polepole, fataki yaweza kupata kibonyeo kirefu na isiwake kabisa.

Nishati hiyo haitoki kwenye nyundo. Imehifadhiwa katika springi kuu, na nyundo huibeba tu kuifikisha kwenye pini. Springi ileile, ikibanwa kwa kiasi kilekile, hutoa nishati ileile hata kama nyundo imepunguzwa. Tofauti ni kwamba nyundo nyepesi huenda kwa kasi zaidi. Tena, kwa kuwa nyundo huzunguka kwenye mhimili wake, kinachohesabiwa si gramu tu bali na umbali wa gramu hizo kutoka kwenye mhimili, na umbali huo huhesabiwa kwa kipeo cha pili: chuma kilicho mbali mara 2 huleta ukinzani wa mzunguko mara 4. Ncha ya kidole gumba iko mbali sana na mhimili, na ndiyo sababu kuikata hubadilisha mwendo kuliko mizani inavyoonyesha. Ukinzani huo ukipungua kwa asilimia 20, kasi ya nyundo huongezeka kwa takriban asilimia 12, na muda wake wa kuanguka hupungua kwa takriban asilimia 11. Ni kweli kwamba nishati kidogo hupotea, kwa sababu springi yenyewe ina uzito na sasa inalazimika kukimbia haraka zaidi, lakini nikipima kwa uzoefu wangu wa benchi, hasara hiyo peke yake ni nadra kuifanya risasi igome.

Kwa nini basi zinagoma? Kwa sababu anayekata nyundo mara nyingi hakomei hapo. Anataka pia triga laini, hivyo anaweka springi dhaifu, au analegeza skrubu inayokaza springi bapa mbele ya mshikio, au anaisaga ncha ya skrubu hiyo. Hapo ndipo nishati inapoibwa. Dalili hujitokeza kwanza mtu anapofyatua kwa kuvuta triga moja kwa moja, kwa sababu katika rivolva nyingi nyundo hurudi nyuma umbali mfupi zaidi kwa njia hiyo kuliko inapoinuliwa kwa kidole. Fataki ambayo haikusukumwa hadi mwisho wa tundu lake nayo humeza pigo la kwanza kwa kujikalisha tu, kisha ikawaka kwa pigo la pili. Nikisikia habari hiyo, huzichunguza risasi zenyewe kabla sijaigusa silaha. Silinda inayocheza mbele na nyuma hula nishati kwa njia hiyohiyo.

Katika rivolva zenye kipande cha kati kinachopokea pigo na kulipeleka kwenye pini, uso wa nyundo usiguswe hata kidogo. Ukisagwa, uwiano wa mahali nyundo inapogusa fremu na mahali inapogusa kile kipande huvurugika, na pini haifiki mbele inavyostahili. Joto la kusaga nalo hulainisha chuma kilichofanywa kigumu, na pengo la kunasia, yaani mkato unaoishikilia nyundo ikiwa nyuma, likilainika hulika upesi. Pengo hilo linanitia wasiwasi kuliko fataki: nyundo isiyo na ncha lakini bado inaweza kunaswa nyuma ni ngumu sana kuishusha salama, na mimi siirudishi kwa mwenyewe kabla ya kuliondoa.

Nikimaliza kazi, hurudisha springi ya kiwandani, hukaza skrubu hadi mwisho, kisha hujaribu kwa maganda ya risasi yenye fataki pekee, zile zenye kikombe kigumu, nikivuta triga moja kwa moja. Isipowasha zote 100, silaha hubaki kwenye benchi.