Je, wajua? Ada ya kubadilishana wiki ya taimushea hainunui likizo

Mjomba wangu wa Mbezi Beach ana faili la plastiki la bluu ambalo hulitoa mara moja kwa mwaka, ankara inapofika. Ndani mna cheti cha umiliki wa wiki moja, wiki ya 19 ya kila mwaka, katika hoteli ya mapumziko iliyo pwani ya Kenya. Alikinunua miaka ya tisini, alipokuwa bado kazini na dola zikimpitia mkononi. Hiyo ndiyo taimushea. Kila mwaka analipa ada ya matunzo, na akitaka anaweza kulipa ada nyingine kwa kampuni ili aibadilishe wiki yake na ya hoteli nyingine. Kila mwaka ananiuliza swali lile lile: "Anko, hii ada ya kubadilishana, inalipa au hailipi?"

Kwa miaka kama minne nilimjibu, "Inalipa, mjomba," tena kwa kujiamini. Nikamweleza kwamba kuna familia huko Hispania yenye wiki yake kama yeye. Wao watakuja Mombasa, yeye ataenda kwao, na kampuni iliyo katikati ni kama kijumbe wa mchezo: inaokota chake kidogo kwa kazi ya kuwakutanisha. Ukilipa dola mia mbili na kitu ukapata nyumba yenye jiko kwa siku saba Ulaya, nani atakataa?

Mwaka huu alikuwa amekaa barazani, mvua inamwagika kwenye mfereji wa bati, ankara ipo mapajani. Akanitazama juu ya miwani. "Sasa Anko, Mhispania gani mwenye akili timamu atasafiri kuja kuota jua Mombasa mwezi wa tano?"

Wiki ya 19 huangukia takriban wiki ya pili ya Mei. Katikati ya masika. Sikuwa na jibu, na ndipo nilipogundua kwamba nilichokuwa nikimweleza miaka yote hakipo.

Kwa wasiojua: taimushea ni kumiliki nyumba ya likizo kwa zamu. Nyumba moja inakatwa vipande 52, kila kipande wiki, na kila wiki inauzwa kwa mtu wake. Biashara hii ilianza Ulaya miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianzishwa 1963. Tatizo la biashara hii lilionekana mapema: watu walichoka kwenda mahali pale pale, wiki ile ile, hadi kufa. Mwaka 1974, huko Indiana, Marekani, Jon na Christel DeHaan wakaanzisha RCI, kampuni ya kubadilishana wiki. Miaka miwili baadaye ikaja Interval International ya Florida. Hizo mbili ndizo vigogo hadi leo. Wanachama wanalipa uanachama wa mwaka, halafu kila wanapobadilisha wanalipa ada ya kubadilishana, ambayo kwa wiki moja sasa imepita dola 200.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kuna wawili wanaobadilishana. Hakuna. Familia ya Hispania haijui kwamba mjomba yupo duniani, na haina haja ya kujua.

Fikiria mtungi wa gesi. Umeishiwa unapika maharage, unampigia kijana wa duka, anakuja na bodaboda. Anachukua mtungi wako mtupu, anakuachia uliojaa, anaondoka. Hukuuliza mtungi huo ulitoka jikoni kwa nani, wala hujali wako unaenda wapi. Umetia kwenye fungu, umetoa kwenye fungu. Na kubadilishana wiki ni hivyo hivyo: mjomba anaiweka wiki yake kwenye fungu la kampuni, kisha anachagua kilichomo kwenye fungu siku hiyo. Aliyeweka wiki ya Hispania huenda mwenyewe amekwenda zake Ureno, na wiki ya mjomba huenda isichukuliwe na mtu yeyote.

Sasa, mtungi una kilo. Ukitoa mdogo wa kilo 6, unapewa wa kilo 6. Huwezi kumpa kijana mtungi mdogo ukategemea akuachie wa kilo 15 kwa sababu tu umemlipa nauli ya boda vizuri. Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo, na ndipo wauzaji wa taimushea wanapopita mbio. Kila wiki inayowekwa kwenye fungu hupimwa uzito, unaoitwa nguvu ya kubadilishana. Inatokana na mahali wiki ilipo, msimu, ukubwa wa nyumba, wageni wanavyoisifu hoteli, na watu wangapi wanaitaka ukilinganisha na wangapi wanaiweka. RCI tangu zamani imegawa misimu kwa rangi: nyekundu ya watu kugombania, nyeupe ya katikati, bluu ya kudoda. Tangu 2010 inamwonyesha mwanachama nguvu ya wiki yake kwa namba, ingawa hesabu inayozaa namba hiyo inabaki jikoni kwake. Kabla ya hapo mtu aliweka wiki akatafuta, na asipoona kitu kizuri alibaki kujiuliza kama tatizo ni lake au ni la dunia.

Mfano wa mtungi una mahali unapoishia. Mtungi mtupu hauozi. Unaweza kuuweka uani mwaka mzima. Wiki inaoza. Katika hilo inafanana zaidi na samaki wa Feri. Changu aliyenadiwa asubuhi ana bei yake. Changu yule yule saa tisa mchana, nzi wameshamjua, ana bei nyingine. Wiki inayowekwa kwenye fungu miezi mingi kabla ya tarehe yake ina nguvu kamili, kwa sababu kampuni ina muda wa kumpata wa kuichukua. Ukiiweka imebaki mwezi mmoja, nguvu imeporomoka. Mjomba, kwa tabia yake ya kusubiri ankara, kufikiri, kuniuliza mimi, kisha kufikiri tena, alikuwa akiweka samaki wake mezani saa tisa. Tena samaki mwenyewe wa masika.

Ndiyo maana alichokuwa akiletewa kila mara ni Orlando, Florida, au pwani ya kusini ya Hispania mwezi wa Novemba. Si bahati mbaya. Orlando kumejengwa nyumba za taimushea kupita kiasi, kwa hiyo zimejaa kwenye fungu. Kitu kinachopatikana kirahisi kwa kubadilishana ndicho pia kinachokodishwa kwa bei ya chini nje ya kubadilishana. London, New York na Hawaii ni hadithi nyingine: zinazowekwa ni chache, zinazosubiriwa ni nyingi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hili nadhani si langu peke yangu. Nilidhani ada ndiyo bei ya likizo. Tuseme ada ni dola 250 na dola moja ni shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 625,000 kwa usiku saba, na ndivyo muuzaji anavyoiweka mezani, na ndivyo nilivyomwekea mjomba. Lakini dola 250 ni nauli ya boda. Gesi yenyewe ililipiwa kwingine: ni ada ya matunzo ya wiki aliyoitoa. Tuseme matunzo ni dola 600 (Marekani wastani umevuka dola 1,000 kwa wiki) na uanachama ni dola 100. Jumla dola 950, yaani shilingi 2,375,000. Gawa kwa saba: kama 340,000 kwa usiku, kabla hujanunua tiketi ya ndege. Na hapo sijagusa bei aliyonunulia cheti chenyewe. Mjomba aliomba tusiiguse.

Kwa hiyo swali "inalipa?" ni maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. Anayefikiria kununua wiki ili awe anabadilisha lazima ahesabu vyote: cheti, matunzo ya kila mwaka yanayopanda, uanachama na ada. Akishajumlisha, alinganishe na bei ya kukodi nyumba ile ile bila kumiliki chochote, kwa maana nyingi zinakodishwa kwa mtu yeyote. RCI iliwahi kushitakiwa na wanachama katika mahakama ya shirikisho huko New Jersey, wakidai kwamba wiki walizoziweka kwenye fungu zinakodishwa kwa umma. Shauri likaisha kwa maridhiano. Ukisoma habari hiyo kwa jicho la mnunuzi, inakuambia kwamba mlango wa mbele upo na hauhitaji cheti. Umoja wa Ulaya unampa mnunuzi siku 14 za kughairi na unakataza kupokea fedha yake ndani ya siku hizo. Sheria haiwekwi hivyo bila kuwepo watu waliotia sahihi kwenye ukumbi wa wauzaji na kujuta kwenye maegesho ya magari.

Mjomba yuko upande wa pili. Cheti anacho, na matunzo atalipa, aende asiende. Kwake dola 600 zimeshakwenda na hazirudi, kwa hiyo hazimo kwenye hesabu ya leo. Anachopaswa kupima ni kile anachotoa sasa hivi, yaani ada na uanachama, dhidi ya bei ya kukodi nyumba anayoitaka. Kama nyumba ya Orlando mwezi wa Septemba inakodishwa dola 400 wiki nzima, kubadilishana kumemwokolea dola 50 na kumemlia wiki yake yote. Kama ameangukia nyumba ya vyumba viwili inayokodishwa dola 2,000, kwa kuwa mtu kaghairi na hakuna aliyeiwahi, amepata kweli. Hilo hutokea, hasa kwa anayeweza kusafiri bila kufungwa na likizo za shule na ambaye hufungua ukurasa wa kutafuta kila siku kama anayesubiri matokeo ya mechi. Mjomba ni mstaafu, kwa hiyo sifa ya kwanza anayo. Ya pili hana. Nywila yake imeandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.

Kwa mtu wa Dar kuna gharama ambazo waandishi wa Marekani hawazitaji, kwa sababu pasipoti zao haziwaumizi. Ukishathibitisha kubadilishana, kwa kawaida una saa 24 za kubadili mawazo bila kupoteza ada. Ubalozi haujibu kwa saa 24. Viza ya Schengen tu ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Kwa hiyo mtu wa huku anafunga wiki kwanza, anaomba viza baadaye, na katikati hapo ada yake inaning'inia. Kuna kinga inayouzwa ya kulinda wiki usipoweza kwenda. Nayo inalipiwa. Ukimpa mtoto wako wiki uliyoibadilisha aende badala yako, cheti cha mgeni kinalipiwa. Baadhi ya hoteli, hasa Mexico, zinalazimisha kifurushi cha chakula na vinywaji kwa kila kichwa, na kinaweza kuipita ada yenyewe. Soma maandishi madogo ya nyumba husika kabla ya kubofya.

Wakati wiki ya mjomba mwenyewe, ile ya masika, haihitaji viza wala ndege. Basi la asubuhi, Tanga, Horohoro, unagonga muhuri, unavuka Lunga Lunga, jioni uko baharini. Nilimwambia hivyo. Akasema ameshakwenda mara sita, na mara zote sita alicheza bao na mlinzi wa hoteli huku mvua inanyesha.

Basi nikamweleza njia moja ambayo sikuijua nilipokuwa namjibu ovyo. RCI inaruhusu mwanachama kuunganisha wiki mbili dhaifu ziwe moja yenye nguvu, kwa malipo mengine juu. Wiki iliyowekwa haifi mara moja. Ina kama miaka miwili ya kutumika. Kwa hiyo angeweza kuchukua masika ya mwaka huu na ya mwaka ujao, akaziunganisha, akatafuta Agosti katika hoteli ile ile yake.

Akacheka hadi akavua miwani. "Yaani natoa masika mawili nipewe kipupwe kimoja. Na nyumba ni ile ile."

"Ndiyo, mjomba. Kama itakuwepo kwenye fungu."

Alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu, akapiga hotelini pale pale. Hakujitaja kuwa mmiliki. Alisema yeye ni mteja kutoka Dar es Salaam, anauliza nyumba ya chumba kimoja wiki ya pili ya Agosti, wiki nzima, ni kiasi gani. Alisikiliza, akasema asante sana, akaandika tarakimu kwa penseli nyuma ya ankara ya matunzo, akazitazama kwa muda. Halafu akaikunja ankara mara nne na kuirudisha kwenye faili la bluu. Nilimwomba nione. Alikataa.