Paka, Mto wa Sufi na Udi: Kifua Kinapobana

Mwanangu alipoanza kubanwa na kifua alfajiri, aliyelaumiwa kwanza ni paka. Bibi yake alisema unyoya umeingia mapafuni, mnyama atolewe.

Dhana: unyoya wa paka huingia mapafuni ukaleta pumu.
Si unyoya. Mwenye mzio husumbuliwa na protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka. Akijilamba, hubaki kwenye manyoya, hukauka, kisha hupeperuka na kunata kwenye mapazia na makochi. Ndiyo maana paka wa manyoya mafupi naye huchokoza, na ukimtoa leo usitarajie nafuu kesho: mabaki hukaa ndani kwa miezi.

Tena mara nyingi paka husingiziwa. Nilipoupiga kofi mto wa sufi wa mtoto, dirishani kwenye jua, vumbi lilipaa kama unga unaochekechwa. Kwenye vumbi la kitandani huishi wadudu wa utitiri, kama theluthi ya milimita hivi, wanaokula magamba ya ngozi yetu na kupenda unyevu. Kwa joto la Tanga, Unguja na Mombasa, hapo ni kwao. Kinyesi chao huleta chafya, kamasi na kifua kulia mluzi. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Mende nao wamo: kinyesi na mabaki yao huamsha pumu.

Dhana: udi na ubani husafisha hewa.
Harufu yake naipenda mno, lakini moshi ni moshi, nao huchokoza kifua, uwe wa chetezo, wa jiko la mkaa au wa dawa ya mbu ya kuchoma. Paka pia hupata pumu: hujikunyata, akanyoosha shingo na kukohoa, watu wakadhani anatapika manyoya. Nguo zifukizwe uani.

Dhana: mafua ya paka huambukiza watoto.
Virusi vyake vya kawaida, hepesi na kalisi za paka, haviwapati watu. Ila paka mwenye mafua usimpe parasetamoli kamwe. Hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Mbwa mwenye mzio mara nyingi hujikuna tu. Akitokwa kamasi tundu moja la pua, mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda kuna kitu kimenasa.

Dhana: kamasi za kijani lazima antibayotiki.
Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi.

Dhana: pampu ya pumu humfanya mtoto awe teja.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wazazi huificha pampu mtoto akihema kwa shida. Haileti uraibu. Pampu ya salbutamoli hufungua njia ya hewa kwa saa chache. Ile ya steroidi hutuliza uvimbe, nayo hutumiwa kila siku kama daktari alivyoelekeza, hata mtoto akionekana mzima. Ukiona ya kufungua inahitajika mara kwa mara, rudi kwa daktari. Mbavu zikibonyea akivuta pumzi, au akishindwa kumaliza sentensi, mpe pampu yake na mkimbizeni hospitali papo hapo.