Kurejea kiwangoni si kujijenga upya: dhana mbili zinazochanganywa katika raga ya ligi

Mwanaraga yeyote aliyewahi kupotea machoni mwa mashabiki kisha akaonekana tena husemwa kwamba amefufua kipaji chake. Husemwa hivyo aliyepona jeraha, aliyehama klabu, aliyebadilishiwa nafasi uwanjani, aliyevuka kutoka raga moja hadi nyingine, na hata kijana ambaye hakuwa na jina lolote kabla ya hapo. Usemi huo umetumiwa ovyo kiasi kwamba, katika masimulizi ya raga ya ligi, mchezo ambao historia yake imejaa watu walioanza safari zao mara mbili au tatu, hautuelezi tena mchezaji alifanya nini hasa.

Maana zenyewe ni fupi. Kurejea kiwangoni ni mchezaji kuupata tena uwezo aliokuwa nao na kuifanya kazi ile ile aliyoifanya kabla hajaanguka. Kujijenga upya ni mchezaji kuiacha kazi aliyoijua na kujifunza nyingine, ndani ya mchezo ule ule au katika mchezo tofauti. Dhana ya kwanza haiwezekani bila anguko. Ya pili inawezekana hata mchezaji akiwa kileleni. Gauni lililotiwa kiraka bado ni gauni, lakini gauni lililofumuliwa likashonwa koti la mtoto ni vazi jingine, hata kama kitambaa ni kile kile.

Raga ya ligi yenyewe nayo inahitaji maelezo machache, kwa kuwa shabiki wa Kenya akisikia jina hilo huenda akafikiri linahusu mashindano ya ligi kama Kenya Cup. Kenya Cup ni mashindano ya raga ya muungano, ile ya wachezaji 15 kila upande. Raga ya ligi ni mchezo mwingine wenye wachezaji 13 kila upande, na chimbuko lake ni ugomvi wa mishahara. Klabu za kaskazini mwa Uingereza, ambazo wachezaji wake wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, zilitaka kuwafidia wachezaji ujira walioupoteza kila walipokosa kazi kwa ajili ya mechi ya Jumamosi. Chama kilichotawala raga kilikataa, kikishikilia kwamba raga ni ya watu wasiolipwa. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu hizo zilijitenga na kuunda chama chao. Mwaka 1906 zilipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na jina la ligi halikuingia rasmi katika jina la chama hadi mwaka 1922.

Sababu ya kuirudia historia hiyo ni kwamba ndiyo iliyozaa mkanganyiko ninaoulalamikia. Kwa miaka 100, mchezaji wa raga ya muungano aliyekubali fedha za raga ya ligi alifungiwa maisha na upande aliotoka. Mlango ulikuwa wa kutokea tu, na haukufunguliwa hadi Agosti 1995, raga ya muungano yenyewe iliporuhusu malipo. Kwa hiyo kila aliyevuka alionekana kama mtu aliyezikwa upande mmoja akazaliwa upande wa pili, na waandishi wakazoea kumwelezea kwa lugha ya kifo na ufufuo. Lugha hiyo inasisimua, lakini inaficha ukweli wa watu wawili tofauti kabisa.

Wa kwanza ni Billy Boston, mzaliwa wa Cardiff, aliyejiunga na klabu ya raga ya ligi ya Wigan, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1953 alipokuwa bado jeshini. Mara nyingi hutajwa kama mfano wa mchezaji aliyepata nafasi ya pili katika raga ya ligi. Nafasi ya pili ya nini? Wales haikumchezesha mtu mweusi katika timu yake ya taifa ya raga ya muungano hadi miaka ya 1980, na kijana mweusi wa Cardiff wa miaka ya 1950 alijua vyema kwamba jezi ile hataivaa, hata angekuwa na kasi kiasi gani. Boston alicheza mechi sita tu za Wigan kisha akachukuliwa na timu ya taifa ya Uingereza kwa ziara ya Australia na New Zealand ya mwaka 1954, na huko akafunga trai 36 (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) katika mechi 18. Hakufufua chochote wala hakujijenga upya, alikuwa ameanza. Kuiita nafasi hiyo ya pili ni kudai kwamba nchi yake ilimpa ya kwanza, dai ambalo ni la uongo, na linaisafisha nchi hiyo bila kukusudia. Uingereza ilimtunuku heshima ya Sir mwaka 2025, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90, na hakuwahi kuwapo mchezaji wa raga ya ligi aliyeipata kabla yake.

Wa pili ni Jonathan Davies, ambaye naye ni wa Wales. Alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya raga ya muungano ilipofungwa na Romania mjini Cardiff mwezi Desemba 1988, na mwezi uliofuata alihamia klabu ya Widnes kucheza raga ya ligi. Ukisimulia haraka utasema alianguka kisha akafufuka. Timu ndiyo iliyoanguka. Yeye alikuwa bado mmoja wa wachezaji bora wa nafasi yake, na hilo ndilo lililoifanya Widnes imlipe fedha nyingi. Alichokuwa hana ni ujuzi wa mchezo wa pili. Katika raga ya ligi hakuna kurushiana mpira kutoka mstari wa pembeni, hakuna kugombea mpira chini baada ya mtu kuangushwa, na timu huachia mpira baada ya kukabwa mara sita. Mchezaji mwepesi ambaye raga ya muungano ilimzoesha kusimama nyuma ya msitu wa wenzake akipiga mpira kwa mguu, sasa hana pa kujificha: watu wazito humkimbilia kifua kwa kifua, na ni lazima awaangushe. Davies alijifunza kazi hiyo. Tarehe 22 Oktoba 1994 katika uwanja wa Wembley, Uingereza ikiwa na watu 12 baada ya Shaun Edwards kutolewa nje, yeye, akicheza nafasi ya beki wa nyuma kabisa, alimpita mlinzi wa mwisho wa Australia kwa nje na kufunga trai pembeni. Uingereza ilishinda 8–4. Hapo tunamwona mtu aliyejijenga upya hadi akaimudu kazi, na neno kufufuka halimfai.

Anayestahili kusemwa kwamba alirejea ni Mal Meninga. Katika miaka ya 1987 na 1988, akiichezea klabu ya Canberra ya Australia, mkono wake wa kushoto ulivunjika mara nne, na kila ulipoelekea kupona ulivunjika tena mahali palepale au karibu. Alikuwa beki wa kati mwenye mwili mkubwa, na kazi yake ilikuwa kuwagonga watu kwa mikono na mabega. Alirudi akiwa na kinga mkononi, katika nafasi ile ile, kwa kazi ile ile. Mwaka 1989 Canberra ilitwaa ubingwa kwa kuishinda Balmain 19–14 katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata, akiwa nahodha wa Australia dhidi ya Uingereza pale uwanja wa Old Trafford, alimfuata Ricky Stuart aliyekuwa amechomoka na mpira kutoka ndani ya eneo lao, akampiga kumbo mlinzi aliyekuwa njiani, akapokea pasi na kufunga trai ya ushindi dakika za mwisho. Mtazame akikimbia: ni Meninga yule yule wa kabla ya kuvunjika.

Kinyume chake ni Darren Lockyer wa klabu ya Brisbane, pia ya Australia. Mwaka 2003 alipata tuzo ya Golden Boot ya mchezaji bora wa dunia akiwa beki wa nyuma, nafasi ambayo mtu husimama peke yake, huuona uwanja mzima, hudaka mipira iliyopigwa mbali na kujiunga na shambulio akiwa tayari na kasi. Mwaka 2004 kocha Wayne Bennett alimhamishia mbele, awe mmoja wa wale wawili wanaopanga mashambulizi. Huko hana muda: hupokea mpira adui akiwa hatua chache, huamua apige au apitishe, na timu isipokuwa na mpira husimama katika mstari wa kwanza wa ulinzi. Mwaka 2006 alipata Golden Boot ya pili, safari hii kwa kazi hiyo mpya. Mwaka huo huo, katika mechi ya tatu na ya mwisho ya mashindano ya majimbo mawili ya Australia, Queensland na New South Wales, pasi ya wapinzani ilipotea karibu na mstari wao, naye akaiokota na kufunga trai iliyoamua mashindano. Beki wa nyuma asingekuwa pale; angekuwa mbali akisubiri mpira wa kupigwa. Mtu huyu hakuwahi kuanguka hata siku moja, na bado nimesoma akiwekwa katika orodha za waliofufuka.

Ugumu wa kweli uko kwa Benji Marshall, mpangaji wa mashambulizi kutoka New Zealand, kwa kuwa yeye alipitia yote mawili, na wasimulizi huyakusanya katika neno moja. Mwaka 2005, akiwa kijana wa klabu ya Wests Tigers ya Australia, alitoa pasi ya nyuma ya mgongo kwa mwenzake Pat Richards katika fainali dhidi ya North Queensland, pasi ambayo hadi leo hurudiwa kwenye video. Mwaka 2014 alijaribu raga ya muungano na klabu ya Blues ya Auckland, akaondoka baada ya mechi chache: hilo lilikuwa jaribio la kujijenga upya, na lilishindikana. Alirudi katika raga ya ligi na klabu ya St George Illawarra, kisha mwaka 2017 akaenda Brisbane kwa mkataba wa mwaka mmoja, mwaka 2018 akarudi Wests Tigers, na Juni 2019 akaichezea tena New Zealand, dhidi ya Tonga, baada ya miaka saba ya kutoitwa. Huko ndiko kurejea kiwangoni: mpangaji yule yule, kazi ile ile, imani ya makocha imerudi.

Mwaka 2021 ni habari nyingine. Klabu ya South Sydney haikumchukua Marshall wa mwaka 2005. Ilimchukua mwenye umri wa miaka 36 wa kuanzia benchi, anayeingia kati ya mechi na kuziba pengo popote lilipotokea, kazi ambayo katika ujana wake hakuna kocha aliyethubutu kumpa. Aliifanya hadi fainali ya Oktoba, waliyoipoteza kwa Penrith 14–12, kisha akastaafu. Kwa hiyo anayesimulia msimu ule asiseme kwamba Marshall alifufua kipaji chake akiwa na South Sydney. Kipaji kilikuwa kimekwisha kurejea miaka miwili kabla. Aseme kwamba alijifunza kazi ya mchezaji wa akiba, na msikilizaji ataelewa kwa nini kilikuwa kitu kigumu kwa mtu kama yeye.