Muziki wa klasiki na moyo uliochoka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwenye huzuni asikilize muziki wa furaha tu

Nitaikalia hii, maana ndiyo inayowanyima watu mengi. Mtu akiwa na majonzi huwekewa kitu cha kuchangamsha, na baada ya dakika mbili kinamchosha kwa sababu hakifanani na hali yake. Tunzi kubwa za klasiki mara nyingi huanzia pale pale ulipo.

Sikiliza mwanzo wa konserto ya pili ya piano (utunzi wa piano na okestra) ya mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff. Piano iko peke yake. Inatoa mlio mzito, wa taratibu, na chini kabisa noti moja inajibu kama kengele ya mbali. Inarudia. Inarudia tena, kila mara kwa nguvu kidogo zaidi, mpaka okestra inaingia na kuupokea ule uzito. Furaha haijafika bado. Lakini zaidi ya nusu saa baadaye, utunzi huo ulioanza gizani unamalizikia kwenye mwanga mkubwa, na msikilizaji hakuruka hatua hata moja kufika huko. Mimi nikiwa na siku mbaya huanza na ile kengele, siharakishi kwenda mwisho.

Dhana: Watunzi hao waliandika matumaini kwa kuwa maisha yaliwanyookea

Rachmaninoff huyo huyo, simfoni yake ya kwanza, yaani utunzi mrefu wa okestra, ilipopigwa mwaka 1897, ilishambuliwa vikali na wahakiki. Alivunjika moyo, na kwa karibu miaka 3 hakuandika kitu kikubwa. Mwaka 1900 alitibiwa na daktari Nikolai Dahl, akarudi kwenye karatasi. Konserto ile ilipigwa yote kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901, yeye mwenyewe akiwa kwenye piano, na aliitoa kwa heshima ya Dahl. Kwa hiyo ukiwa umezama kiasi cha kushindwa kulala au kula, tafuta daktari, na muziki uende nawe.

Mtunzi Ludwig van Beethoven naye, mwaka 1802, aliwaandikia ndugu zake barua ambayo hakuituma. Anakiri kwamba uziwi ulikaribia kumfanya ajiondolee uhai, na kwamba sanaa ndiyo iliyomzuia. Simfoni zake 7 kati ya 9 alizitunga baada ya barua hiyo. Ya mwisho ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824. Hakuweza kuusikia ukumbi ukishangilia, ikabidi mwimbaji mmoja amgeuze aone mikono ya watu.

Dhana: Mozart huongeza akili

Chanzo ni utafiti wa mwaka 1993: wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza sonata (utunzi wa piano) ya mtunzi Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kuwaza maumbo. Faida hiyo ilidumu kama robo saa tu. Watoto wachanga, ambao huwekewa Mozart ili wawe na akili, hawakuhusika kabisa. Watafiti wa baadaye walieleza kwamba sababu kubwa ni uchangamfu wa yule anayesikiliza, na kwangu hiyo ni habari njema ya kutosha.

Dhana: Bila kusomea muziki, hutaguswa

Chukua sehemu ya pili ya simfoni ya 7 ya Beethoven. Vyombo vya nyuzi vya sauti ya chini vinaanza mwendo mmoja: ndefu, fupi-fupi, ndefu, ndefu. Karibu hakuna wimbo, ni hatua tu, kama watu wanaotembea pamoja bila kuzungumza. Kisha juu yake unapita wimbo mwororo, na wale watembeao hawasimami. Haihitaji darasa, inahitaji dakika kama 8 na simu iliyozimwa. Ilipopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1813, hakuna hata mmoja katika hadhira aliyewahi kuisikia tamashani. Waliomba sehemu hiyo irudiwe papo hapo.