Jabali Lililolala Lina Hila Zake

Upande huu wa Kumi, mashariki mwa Uganda, majabali ya graniti yamechomoza katikati ya mashamba kama migongo ya viboko mtoni. Mengi hayakusimama wima, yamelala, na chini yake kina mama huanika muhogo. Wageni ninaowafundisha kukwea huyadharau mara moja, na taabu huanzia hapo.

Kwenye jabali la mlalo hakuna cha kushika. Uzito wako wote uko kwenye raba ya viatu, nayo hushika kadiri unavyoikandamiza. Shusha visigino, toa makalio nje, simama kama mtu anayepanda ngazi. Ukiogopa ukalikumbatia jiwe, miguu inapoteza uzito na unateleza. Na uanze alfajiri. Kufika saa saba mchana graniti imeshachemka na raba haishiki tena kama asubuhi.

Njia ninayoipenda ina bolti nne tu za kunasia kamba. Zimechimbiwa pale ambapo jiwe ni tupu kabisa. Penye ufa hakuna bolti, unapachika kamu yako mwenyewe, kifaa chenye meno kinachobana ndani ya ufa ili kamba ipate pa kunasa. Kamu unaivuta kitufe, meno yanajikunja. Ukiiachia yanatanuka na kubana kuta za ufa. Ukiiangukia, inasukuma kuta kwa nguvu inayoweza kufika maradufu ya ile inayoivuta. Hapo ndipo pa kuwa makini, maana graniti huvua maganda kama kitunguu, na ufa mwingine ni mwanya tu nyuma ya ganda lililokwisha kuachana na mwili wa jabali. Kamu inaweza kulibandua lote. Mimi hugonga kwa ngumi kwanza. Likilia kama ngoma, naliacha.

Ufa ulio kati ya bolti ya pili na ya tatu ni mzima, nimeugonga mara nyingi. Siku moja niliupita bila kupachika kitu, kwa sababu nilikuwa nimesimama raha mno. Mita nne juu ya bolti nikakanyaga mchirizi mweupe wa mikojo ya pimbi. Mita nne juu ya bolti ni mita nane za kushuka, ongeza na kamba inavyovutika. Ukutani penye wima ungeanguka hewani ukaning'inia. Hapa nilikwanguliwa njia nzima, viganja na magoti, mpaka kamba ikanishika.

Chini alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa jeshi, Kiswahili chake cha kambini hakijachuja.

“Kijana,” akasema, “hapo hata mbuzi wangu hapiti.”

“Shikamoo, mzee,” nikajibu, damu ikinitiririka.

Siku hizi kwenye ufa ule napachika kamu mbili, kila moja na utepe mrefu ili kamba isipindepinde ikawa nzito. Mzee akiwepo, huzihesabu kwa sauti.