Ramani ya dunia ndani ya uga wa umeme

Chora nukta mbili kwenye karatasi, moja juu na nyingine chini. Ziunganishe kwa matao ya duara, mengine yametokeza kushoto, mengine kulia. Halafu zungushia kila nukta maduara yanayoyakata matao hayo kwa nyuzi 90 popote yanapokutana.

Mchora ramani ataona longitudo na latitudo. Mwanafizikia ataona nyaya mbili ndefu, sambamba, zinazotazamwa kwa mkato, moja ikiwa na chaji chanya na nyingine hasi: matao ni mistari ya uga wa umeme (huonyesha upande ambao chaji husukumwa), maduara ni mahali penye volteji sawa. Wote wawili wako sahihi, na mfanano huu si wa juu juu, kwani hesabu ni ileile. (Pitisha mikondo inayokwenda pande tofauti badala ya chaji, na maduara yaleyale yanakuwa mistari ya uga wa sumaku.)

Ramani yenyewe huitwa ya stereografia. Taa huwekwa kwenye uso wa tufe, katika ikweta, na vivuli vya mistari ya tufe huangukia ubao ulio upande wa pili. Sifa yake kubwa ni kwamba haiharibu pembe: mistari iliyokutana kwa nyuzi 90 kwenye tufe hukutana hivyo hivyo ubaoni. Umeme nao una sharti hilo. Mstari wa uga ukiukata mshazari mstari wa volteji sawa, sehemu ya uga ingeisukuma chaji kuufuata mstari huo, na volteji isingebaki sawa.

Jambo linalonivutia zaidi linatokea tunapopitisha umeme kwenye tufe lenyewe. Chukua tufe la bati jembamba, lililo wazi ndani. Ingiza mkondo kwenye ncha ya kaskazini, utoe kusini. Mkondo utafuata longitudo. Kwenye ikweta una nafasi tele. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 mzingo wa tufe ni nusu tu ya ule wa ikweta, kwa hiyo mkondo umebanana mara mbili, na volteji inabadilika mara mbili zaidi kwa kila nyuzi moja ya latitudo. Sasa chora grafu: longitudo iwe upana, volteji iwe kimo. Umepata ramani ya mchora ramani Mercator ya mwaka 1569! Ndiyo maana ncha hazionekani kwenye ramani hiyo: pale mkondo unapobanwa kwenye nukta moja, volteji haina kikomo. Na ndiyo maana Greenland huonekana kama inashindana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14.

Tahadhari moja: matao ya duara ni ya nyaya ndefu. Vitufe viwili vidogo vyenye chaji vina mistari yenye umbo jingine.

Mistari ya uga pia huhesabiwa, kwani inaposongamana uga una nguvu zaidi, na hapo pembe hazitusaidii. Weka chaji katikati ya tufe: mistari yake hulitoboa sawasawa kila upande. Ukitaka ramani ionyeshe usawa huo, unahitaji inayotunza eneo, kama ile ya mwanahisabati Lambert ya 1772. Kutunza pembe na eneo kwa pamoja haiwezekani. Hilo linafuata kutoka kazi ya mwanahisabati Gauss ya 1827. Matundu hayohayo yakihamishiwa kwenye ramani ya Mercator yataonekana machache kuelekea ncha, na msomaji atadhani chaji imedhoofika huko.